Ufito Wenye Kitambaa Chekundu

Mama Zubeda, mke wangu,

Nakuandikia nikiwa ukingoni mwa mto, mahali tulipozoea kukaa, na karatasi iko juu ya goti langu. Ndiyo maana mwandiko huu ni mbaya, nawe unajua sikupata kumvumilia mwanafunzi mwenye mwandiko mbaya.

Tulikuzika kwenu Kwedizinga, Handeni, kando ya mama yako, kama ulivyotaka. Nilibaki huko mpaka matanga yalipokwisha. Zubeda alitangulia kurudi Kwamndolwa. Kijiji chetu cha ujamaa kimeongezeka watu. Wamehamishiwa hapa jamaa wa huko huko kwenu, watu wa nchi kavu, wasioujua mto. Darasa jipya la shule limefika kwenye kenchi za paa, na matete ya kuezekea yako kule kwenye kisiwa chetu, kama kila mwaka.

Nakiita chetu, ingawa hakijapata kukaliwa na mtu. Wenyewe ni ndege minana na yangeyange, kenge, na yule mamba jike. Kila kiangazi hupanda kwenye mchanga wa upande wa chini, akachimba, akataga, akafukia, kisha akalinda bila kula. Nawe kila kiangazi ulivuka kwa mtumbwi ukachomeka ufito wenye kitambaa chekundu, pale matete yanapokutana na mchanga. Kitambaa kikiwapo, hakuna aliyekata kupita hapo. Watoto wa mamba walipokwisha kuingia majini, ulikiondoa. Kazi hiyo uliirithi kwa mama yangu, wala hakuna mwingine aliyeigusa.

Mwaka huu hukuwapo. Wenyeji wetu, ambao wangepaswa kufikiri, walitazama ng'ambo, hawakuona kitambaa, wakasema kisiwa kiko wazi.

Nilipofika jana asubuhi, balozi wa nyumba kumi aliniambia kwamba wakataji wameshavuka, na Zubeda yumo. Nilikimbia hadi ukingoni hapa, mke wangu. Kwa umri huu.

Zubeda alikuwa mwisho kabisa, upande wa chini wa kisiwa, ameinama akifunga mzigo, mgongo wake umeelekea mchanga. Nyuma yake, karibu mno, palikuwa na kitu ambacho mgeni angekidhania gogo. Wenzake walikuwa wakitaniana. Kijana mmoja wa wale wahamiaji alikuwa akiwaambia kwamba kwao Handeni maji mengi kiasi hiki huonekana ndotoni tu. Ningepiga kelele, Zubeda angeshtuka akarudi nyuma. Basi nikatumia sauti yangu ya darasani, ile tulivu inayofika hadi benchi la nyuma.

"Zubeda, mwanangu. Acha mzigo. Nenda kwenye mtumbwi taratibu, usitazame nyuma."

"Shikamoo baba. Umefika saa ngapi?"

"Nitakuitikia ukivuka. Nenda."

Alikwenda. Gogo likafunua kinywa. Yule kijana wa Handeni aliliona, akaingia mtumbwini. Wengine wakamfuata.

Zubeda alipokanyaga ukingo huu nilimwambia marahaba. Nilikaa kwenye matope na suruali yangu ya msibani.

"Kitambaa hakikuwapo, mzee," balozi alisema. Ni kweli. Aliyekuwa akikichomeka nimemzika Kwedizinga.

Kitambaa chako cha miaka yote sikukipata, na nyumbani hapakuwa na kingine chekundu ila khanga yako. Wakati shangazi zake Zubeda wakigawana nguo zako niliificha, kwa sababu bado ina harufu yako. Usiku kucha nilikuwa nayo kifuani. Asubuhi hii nimeichana pindo.

Zubeda alipiga kasia, mimi nikachomeka ufito. Mamba alitutazama muda wote, wala hakusogea. Tulipokuwa tukigeuza mtumbwi tulisikia vilio vidogo kutoka chini ya mchanga, kama vya vifaranga. Mama yao akainua kichwa. Zubeda akaacha kupiga kasia, akalia, na mimi sikumkataza.

Amesema mwakani atachomeka yeye. Nimemkubalia. Lakini mwaka huu niachie mimi. Watoto wa mamba wakishatoka wote nitavuka, nitalifungua pindo lako, nitalifua na kulishona tena mahali pake kwa mkono wangu, na mshono utakuwa mbaya kama mwandiko huu.

Pumzika, mke wangu. Siondoki ukingoni hapa mpaka wa mwisho wao aingie majini.

Mumeo