Wiki Yetu Iko Gurei

Baba Poni, mnaendeleaje huko Eldoret?

Hapa Juba mvua haijakatika tangu asubuhi. Niko jikoni kwa mama, mtaani Gurei, nakula kisra, ile mikate yake myembamba ya mtama, na bamia.

Nimemsomea ile karatasi ya klabu ya likizo, ya kulipia wiki moja kila mwaka kwenye hoteli ya ufuoni. Alisikiliza mpaka mwisho huku akibandua kisra kwenye bati la moto.

"Hiyo nyumba itakuwa yenu?"

Nikamwambia ni yetu wiki moja tu, wiki zingine ni za wenzetu.

"Wakati wa vita mimi nimekaa nyumba ya watu huko Uganda miaka mingi," akasema, "na hakuna mtu alinilipisha."

Nilicheka hadi nikapaliwa. Kisha akanifungulia chumba chetu. Neti imetandazwa, shuka zinanukia sabuni. Dada yangu ameninong'oneza kwamba mama huzifua kila mwezi, na sisi hatujaja miaka mitatu.

Tafadhali usitie sahihi. Omba ruhusa Desemba, tuje wote.

Nisalimie watoto, mlale salama. Mama anauliza kama bado unalala upande wa dirisha.

Mama Poni