Mtoto Wetu Ni Yupi

Mpendwa mjukuu wangu Kokushubila,

Sote hapa Maruku tunakusalimu. Shangazi yako amepona mguu, na kahawa imeanza kuiva nyuma ya jiko la marehemu bibi yako.

Umeniuliza kama inakupasa kutoa maoni juu ya muswada wa elimu, ilhali huna mtoto shuleni.

Katika miaka ya ujamaa, mtoto aliyeshindwa mtihani wa darasa la nne alirudishwa nyumbani. Wanakijiji tulikutana na ofisa kutoka Dar es Salaam, tukiomba kanuni hiyo ibadilishwe. Nilikuwa nimehitimu chuo karibuni, hivyo nikateuliwa kufasiri. Msichana mmoja akasimama, akasema kwa Kihaya kwamba omwana waitu asifukuzwe. Nikafasiri: mtoto wetu.

Ofisa akatoa kalamu. "Nitajie jina lake, nitamtafutia nafasi."

"Jina la nani?" msichana akauliza.

"La mtoto wako, mama."

Watu wakacheka. Msichana akamjibu kwa neno letu la heshima: "Mimi sijaolewa, waitu. Ukimchukua mmoja, hawa wengine unamwachia nani?"

Ofisa akarudisha kalamu mfukoni, akaanza kutusikiliza upya.

Kanuni ile iliondolewa baadaye. Sidai kwamba ni kwa ajili yetu. Msichana yule ndiye bibi yako. Hadi leo, nikisikia watoto wakiimba shuleni asubuhi, hugeuka nimwambie, nisimkute.

Nenda, mjukuu wangu. Wakikuuliza mtoto wako ni yupi, wajibu kama yeye. Nami huku nitakuwa nimetega sikio.

Babu yako