Vifungo vya Kitindamimba Wetu

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe moto tu. Mwenye gauni la bluu akija, mwambie nitalimaliza kesho.

Ulipotoka tu asubuhi, amekuja kijana mmoja anayechechemea. Alikuwa na kitindamimba wetu vitani mpaka siku alipouawa. Kumbe yule aliyekuwa akiikimbia cherehani yangu kama kaona nyoka, huko ndiye aliyekuwa akiwashonea wenzake vifungo! Kijana kanisimulia: "Alikuwa anatuambia, mama yangu akiwaona mmevaa hivi bila vifungo atanichapa mimi." Nimecheka, mume wangu, mpaka nikalia. Akanionyesha shati lake. Fundo ni langu kabisa, uzi umezungushwa mara tatu.

Leo saa nane wanasoma majina ya waliouawa vitani, kule kambini. Nimetangulia na huyu kijana. Najua mwaka jana ulisema hutaki kusikia mwanao akitajwa kwenye kipaza sauti. ~~Basi baki na redio yako.~~

Suruali nyeusi nimeipiga pasi, iko kitandani. Njoo. Sitaki kulisikia jina lake peke yangu.

Mama watoto