Mshipi Kwenye Kidole Kilichokufa Ganzi

Jumapili, mwishoni mwa kipupwe

Leo kumepambazuka na baridi. Ni hii baridi yetu ya Chamazi ambayo watu wa Njombe huicheka, lakini bati lilikuwa linadondosha umande, na nilipotumbukiza mikono kwenye ndoo ya vyombo vidole viliniuma. Au vilipaswa kuniuma. Siku hizi sina uhakika.

Naandika hapa mtandaoni kwa sababu hapa hakuna anayenipa pole. Pole nimeshapokea za kutosha. Zikija nyingine nitaziunga nishone shuka.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani. Mume wangu anaitwa Hamisi, na binti yetu Nasra yuko chuoni Dodoma. Tangu Ramadhani upande wa kulia wa Hamisi haufanyi kazi. Kiharusi. Aliinama kufunga kamba za viatu, akashindwa kuinuka. Mkono wa kulia haushiki kitu, mguu anauburuta, na maneno yamebaki mawili tu, "mm" ya kukubali na "mm-mm" ya kukataa. Hata hayo anayatoa kwa ubahili. Siku nyingi anageukia ukuta.

Mkono wake umekufa ganzi. Na mimi nimekufa ganzi, ila mimi hakuna daktari aliyenipima.

Juzi nilijichoma na sindano ya cherehani, nikaendelea kushona mpaka nikaona doa kwenye kitambaa cha mteja. Hamisi namwogesha, namlisha uji, namgeuza ubavu, namkausha katikati ya vidole vya miguu, kila kitu kwa utaratibu wake. Moyoni hakuna kitu. Hasira sina, na huruma nayo sina. Namwosha kama naosha sufuria ambayo najua kesho itachafuka tena. Basi, nimeshasema.

Dada yake mkubwa, wifi yangu, anakaa Tanga. Amejitolea kumchukua. Nyumba yake ni kubwa, ana mabinti wa kumsaidia, na aliniomba nimpe jibu leo jioni ili katikati ya wiki aje na gari. Kila mtu anasema ni jambo la busara. Nami nilikuwa nimeshaamua kukubali. Kilichonitisha ni kwamba nilipoamua sikuhisi chochote, kama vile mteja ameniomba nimbadilishie kifungo.

Kwa hiyo safari ya leo ya kumpeleka kuvua ilikuwa ya kumuaga. Sikumwambia.

Nyuma ya mtaa wetu kuna mashimo makubwa yaliyochimbwa mchanga miaka ya nyuma. Masika yanayajaza maji yanakuwa bwawa, na wanaume wa huku wanageuka wavuvi wa Jumapili. Perege wapo, lakini wanayemfuata hasa ni kambale, samaki mwenye masharubu, mla wenzake, anayependa kulala kwenye tope. Sasa hivi msimu unaelekea ukingoni. Maji yameshuka na yamepoa, perege hawaonekani, kambale wamekwenda chini kabisa na hawana haraka na mtu. Wavuvi wengi wameshakunja mishipi yao ya kuvulia mpaka mwakani. Hamisi alikuwa akisema kwamba hapo ndipo uvuvi unapoanza, wapiga kelele wakishaondoka.

Kambale wa baridi havuti. Anagusa tu, anaonja, anaacha. Ndiyo maana pale bwawani hakuna anayehangaika na boya wala fimbo. Unakaa kimya, mshipi umeupitisha juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na kidole ndicho kinachokuambia. Wanavilinda hivyo vidole usipime. Hamisi siku ya Jumamosi alikuwa hakubali kushika nyundo wala kumenya muhogo, eti kidole kisije kikaota sugu. Miaka yote nimemenya muhogo wa Jumamosi peke yangu kwa ajili ya kidole cha bwana mkubwa.

Aliyekuja kutuchukua ni Baba Happy, rafiki yake wa bwawani. Ni Mnyakyusa, dereva wa bajaji, alikuja moja kwa moja kutoka kanisani na shati lake la kwaya. Mwezi mzima alikuwa akinisumbua.

"Shem, mie nakwambia, huyu akiyaona maji tu atakaa sawa. Ukuta una nini wa kumwonyesha?"

Nilimvalisha Hamisi masweta mawili na kofia ya Nasra ya sufu.

"Braza, umevaa kama unaenda Makete," Baba Happy alimtania akimpakia.

Hamisi aligeuza uso pembeni.

Bwawani kulikuwa na watu wawili tu, ng'ambo ile, wamejikunyata ndani ya makoti. Walinyanyua mikono, wakarudi kwenye mishipi yao. Tulimkalisha Hamisi kwenye kiti cha plastiki, pale alipozoea kukaa. Upepo ulikuwa unakata. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyolala. Baba Happy alichomeka kipande cha utumbo wa kuku kwenye ndoano, akarusha, akanipa mshipi.

Hapa ndipo nilipokosea. Nilitaka kuonyesha kwamba najua mambo ya kwao. Niliuchukua mkono wa Hamisi nikauweka juu ya goti, nikakinyoosha kidole cha shahada, nikaupitisha mshipi juu yake vizuri kabisa, kama nilivyomwona akifanya miaka na miaka. Baba Happy alitazama akaitikia kwa kichwa kuniunga mkono. Naye hakuona kosa. Kila mtu pale huweka mshipi kwenye kidole hicho, na mkono umezoea kufanya hivyo kabla akili haijauliza.

Ulikuwa mkono wa kulia.

Tulikaa. Baada ya muda nikaona mshipi unakaza. Ulikinyanyua kidole cha Hamisi kidogo, ukakishusha, ukakinyanyua tena. Kilikuwa kinachezeshwa kama kidole cha mtu aliyelala. Yeye alikuwa anatazama ng'ambo, kwa wale wenye makoti. Hakujua. Samaki alikuwa kwenye kidole chake na hakujua. Nilifungua mdomo nimwambie, mshipi ukalegea, chambo kikawa kimekwenda.

Hapo akatazama chini. Akautazama mshipi uliolegea, akakitazama kidole, kisha akanitazama mimi.

Baba Happy aliinamia kopo la chambo akajifanya anatafuta kitu. Mimi nilingoja aibu inishike. Niliingoja kweli, kama mtu anayengoja chafya. Haikuja. Nilichohisi ni uchovu, na wazo kwamba Tanga kuna mabinti wasiofanya makosa kama haya.

"Turudi nyumbani," nikasema.

"Mm-mm."

Aliisema kwa sauti. Baba Happy aligeuka. Hamisi alinyoosha mkono wa kushoto na kuutikisa, lete. Baba Happy akaweka chambo kingine, akarusha. Hamisi akaukamata mshipi kwa mkono wa kushoto, akaujaribisha juu ya kidole cha mkono huohuo, akaona haiwezekani. Mkono ni mmoja. Ukiwa unapima mguso, nani atavuta? Alifikiri kidogo. Halafu akaupeleka mshipi mdomoni, upande wa kushoto, ule unaofunga vizuri, akaung'ata kwa meno na kufumba macho.

"Eee, huyu kachizika sasa," Baba Happy alininong'oneza, lakini alikuwa ameanza kutabasamu.

Mate yalimchuruzika upande ule mwingine. Sikumfuta. Kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani niliona kwamba ana shughuli, na mtu mwenye shughuli haingiliwi.

Baridi iliingia mpaka kwenye mifupa. Wale wa ng'ambo walikunja vitu vyao wakaondoka. Ghafla Hamisi alifumbua macho. Aliurusha mkono wa kushoto, akavuta, akaushikilia mshipi kwa meno, akavuta tena, akashikilia tena, hivyo hivyo, mkono na meno, mkono na meno. Baba Happy aliinuka kumsaidia.

"Mm-mm!"

Baba Happy akakaa.

Kambale alitoka kwenye maji akiwa mweusi, masharubu yanacheza, wala hakuwa mkubwa wa kupigia picha. Baba Happy alishangilia peke yake kwa ajili yetu sote. Hamisi hakumjali samaki. Alinyoosha mkono, lete tena.

Safari hii mshipi uliporushwa hakuuweka mdomoni mwake. Alinigeukia, akaugusisha kwenye midomo yangu.

Nilidhani anataka nimshikie. Akatikisa kichwa, akaugusisha tena. Baba Happy alikuwa ananitazama kama anayetazama mtu akipewa heshima. Basi nikaung'ata. Ulikuwa na ladha ya tope na ya mate yake. Nilijiona mjinga, mtu mzima, mama wa msichana wa chuo, nimekaa kando ya shimo la mchanga na kamba mdomoni. Yeye alikuwa ameshika upande wake kwa mkono wa kushoto, akinitazama usoni, siyo kwenye maji.

Muda mrefu hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimezoea kutokuwa na kitu.

Kisha, tuk.

Kidogo sana. Kwenye jino, halafu kwenye taya, halafu nyuma ya sikio. Tuk tena. Chini kule gizani kitu hai kilikuwa kinatuonja. Nilimtazama Hamisi, naye aliona kwenye macho yangu kwamba nimehisi, na upande mmoja wa uso wake ukacheka. Hatukumpata samaki yule, kwa sababu niliachama, mshipi ukanitoka mdomoni. Nililia kwa kelele mpaka Baba Happy akaenda kuikagua bajaji yake, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Jioni, kabla ya kumpigia wifi, nilifanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifanya. Nilivuta kigoda, nikakaa mbele ya Hamisi, nikamuuliza.

"Dada anataka kukuchukua ukakae kwake Tanga. Unataka kwenda?"

"Mm-mm."

"Mie nimechoka, Baba Nasra. Nimechoka mpaka nimekufa ganzi. Unalijua hilo?"

Alinitazama usoni.

"Mm."

Kumbe alikuwa analijua siku zote.

Wifi nilimwambia asije na gari la kumchukua. Aje mwenyewe akae na sisi, tupokezane, kwa sababu peke yangu siwezi. Hilo la kwamba siwezi sikuwahi kumwambia mtu. Aliuliza kama huku kwetu bado kuna baridi, abebe sweta.

Nimempika kambale kwa nazi. Hamisi amekula, na leo kitandani hajageukia ukuta.

Nisijidanganye. Ganzi bado ipo. Asubuhi nitachota maji, nitamwogesha, na huenda moyoni kukawa kimya vilevile. Lakini jino langu linawasha pale mshipi ulipopita, na nimekuwa nikilipapasa kwa ulimi tangu tumerudi. Sijui kama yale ni mapenzi, au huruma, au alikuwa kambale tu.

Chochote kilichokuwa kule chini, kilinigusa.