Folda Iliyoitwa Butoyi

Jumatatu, 2 Septemba 2013

Kidato cha Tatu, vipindi viwili vya mkondo wa umeme. Umeme wenyewe hakuna. Nimechora betri ubaoni.

Mchana ukarudi. Nikasafisha flashi saba za walimu. Virusi vilevile: mafaili yanageuka shotikati, mwenye flashi anapiga yowe kwamba mitihani yake imeibwa. Nimewaambia mara mia, hamieni Linux, mfumo usiougua virusi hivi. Wananitazama kama muuza dawa za meno sokoni.

Kisha Mwalimu Yeremia wa Historia akaniita. Anastaafu Desemba, anarudi kwao Nyakitonto. Kule kuna sola ya paa tu, kompyuta yake ya mezani haiwezi kuwaka. Binti yake aliyeko Mwanza amemtumia laptopu kuukuu, tupu kabisa. Anataka nimhamishie vitu vyake vyote. Ya mezani anawaachia wanafunzi. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Hatimaye mmoja anaokoka!

Jumatano, 4 Septemba

Nimeweka Ubuntu, aina ya Linux, kwenye laptopu. Imekubali mara ya kwanza. Mwalimu akauliza jina la kitu hicho, nikamtajia. Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe kwa Kiha, lugha ya hapa Kasulu, ubuntu ni utu. Akasema, "Madamu, umeniletea mashine yenye utu?" Nikamwambia ndiyo, tena haiugui virusi. Nilitembea hadi nyumbani nimevimba kichwa.

Ana sharti moja: drafti. Mengine hata yakichelewa sawa. Ni mchezo wa zamani aliouweka kwenye ile ya mezani. Mzee na michezo yake.

Ijumaa, 6 Septemba

Drafti imegoma. Ni ya Windows, Ubuntu haiitambui. Nimehangaika vipindi vyangu vyote vya mapumziko. Mwisho nikaweka programu ya kuidanganya ijione iko Windows. Inaitwa Wine, yaani mvinyo. Mwalimu ni mzee wa kanisa, sikumwambia.

Imefunguka. Ubao, kete kumi na mbili huku, kumi na mbili kule. Nilipiga makofi peke yangu.

Jumamosi, 7 Septemba

Siku ya kuhamisha. Diski ya ile kompyuta inakwaruza kama mtu anayekuna nazi. Nilijua umeme hautafika jioni, kwa hiyo nilichagua.

Kulikuwa na folda mbili kubwa. BUKURU, ina kama GB tatu. BUTOYI, haifiki hata moja. Nikachungulia: zote mbili zina Picha, Barua, Drafti. Majina yaleyale. Nikaelewa mara moja. Bukuru ni kubwa, butoyi ni ndogo. Mzee amepunguza ukubwa wa mafaili ili yatumike kwa barua pepe, akaweka nakala pembeni. Miaka miwili ya kununua maharage kwa Kiha imenilipa leo. Nikachukua Bukuru, ndogo nikaiacha. Sikupoteza muda kuifungua.

Saa nane mchana nikafuta diski yote, nikaweka Ubuntu ya wanafunzi. Umeme ukakatika dakika kumi baada ya kumaliza. Nani kama mimi?

Jumatatu, 9 Septemba

Nimekabidhi.

Mwalimu aliwasha mwenyewe. Akaona Bukuru, akaitikia kwa kichwa. Akafungua drafti. Ubao mpya, kete zote zimejipanga. Akauangalia muda mrefu. Kisha akauliza, "Butoyi yuko wapi?"

Alisema yuko. Hakusema iko. Nilisikia, na bado nikacheka, nikajibu kwamba nimechukua ile kubwa, ndogo haina haja.

Akanieleza taratibu, kama anafundisha. Kwao mapacha hawachaguliwi majina. Anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Si ukubwa wa kitu, ni kutangulia. Bukuru ni yeye. Shuleni hakuna anayemwita hivyo, sisi tunalijua la ubatizo tu. Butoyi ni pacha wake, alikuwa bwana shamba Kibondo. Kila likizo alikuja Kasulu, wakacheza drafti kwenye ile kompyuta. Safari ya mwisho aliugua mchezo ukiwa katikati. Akauhifadhi kwenye folda yake, akamwambia kaka yake, zamu ni yako, usiguse mpaka nirudi. Akafia Kibondo. Mwaka mmoja kabla sijahamia hapa.

Mwalimu hakugusa. Kila Jumapili baada ya ibada aliufungua, akautazama, akaufunga. Miaka mitatu. Na picha za marehemu zote zilikuwa humo. Na sauti yake.

Hakunigombeza. Alifunga laptopu, akasema ahsante kwa kazi. Mlangoni akageuka, akasema, "Kumbe hiyo mashine yako ya utu imemla ndugu yangu." Kwa utani. Utani gani ule. Ningeshukuru angenitukana.

Jumanne, 10 Septemba

Sijala tangu jana mchana.

Nimemuuliza mwalimu wa Kiswahili, Muha wa hapahapa Kasulu, Bukuru na Butoyi ni nini. Akanishangaa. Kila mtu anajua, Madamu. Kila mtu, isipokuwa Msambaa mmoja wa Lushoto mwenye kimbelembele. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Kiha changu ni cha kuazima na leo niko uchi.

Jambo moja nililofanya kwa akili: nimeifungia ile kompyuta. Faili lililofutwa halitoki hapo hapo, linabaki chini mpaka lingine lilazwe juu yake. Ila mimi nimelaza Ubuntu nzima juu. Na jana wanafunzi walishaigusa. Nimewatoa wote. Wamenuna. Wanune.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimepata programu ya kufufua mafaili. Ndivyo wanavyoiita wenyewe, kufufua. Nimeianzisha saa nne asubuhi, inapekua diski punje kwa punje. Saa nane ilikuwa asilimia sitini na mbili. Umeme ukakatika.

Haikuhifadhi chochote. Naanza upya. Nimepiga teke ndoo ya choki, mkuu wa shule ameona.

Mwalimu Yeremia nilipishana naye korido. Amahoro, akasema, ile salamu ya Kiha ya amani. Amahoro, nikasema. Sikumwambia ninachofanya. Nikimpa tumaini na likavunjika, nitakuwa nimemuua mdogo wake mara mbili.

Jumamosi, 14 Septemba

Mjini, dukani kwa Salim. Anauza na kutengeneza simu, kwao ni Pangani, ana betri nne za sola ambazo hazijui kukatika. Nimeipakata ile kompyuta kwenye bodaboda, nimeiviringisha kitenge, mashimo yote ya barabara nimeyapokea mimi. Salim kuniona tu: "Dada wa Lushoto, leo umebeba mtoto wa nani?" Kwa kawaida ningemrudishia, watu wa Tanga hatuachiani. Leo machozi yalinitoka mbele ya wateja. Maskini, akaniletea stuli na kahawa, akawafukuza wateja waliokuja kuchaji simu ili betri zinitoshe.

Ilipekua kwa muda wa saa sita nzima. Ikamaliza saa kumi. Mafaili maelfu, yote bila jina, namba tupu. Kufufuka yamefufuka, ila hayajui yanaitwaje. Nikafungua moja moja. Vipande vya tovuti. Vitufe. Mtihani wa Kidato cha Pili. Nembo. Vitufe tena.

Kisha Mwalimu Yeremia, amevaa kofia ya majani, amesimama kwenye shamba la migomba. Nikapita. Picha iliyofuata nikaona wako wawili, sura moja.

Nilipiga kelele. Salim akadhani shoti.

Picha mia moja na kumi na nne ambazo Butoyi yumo. Nyingine zimekatika nusu, uso bila miguu. Sauti mbili. Moja haifunguki. Nyingine ni dakika nne: sauti ya Mwalimu Yeremia kabisa, lakini inacheka haraka zaidi, inahesabu kete kwa Kiha na kumzomea mtu. Anayezomewa ni Mwalimu.

Mchezo haupo. Nimetafuta mpaka Salim akaanza kufunga milango. Programu inatambua picha, sauti na barua. Faili la drafti haijui ni mnyama gani. Imelipita.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimempelekea nyumbani kwake baada ya vipindi. Nilisema yote mlangoni kabla ya kukaa: picha zipo, si zote. Sauti moja. Mchezo umekwenda, na nimeupoteza mimi, si mashine. Nisamehe, Mwalimu.

Alisikiliza ile sauti mara moja, hadi mwisho. Mke wake akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akasimama pale.

Baadaye Mwalimu akafuta miwani. Akasema mdogo wake alikuwa anamshinda vibaya kwenye ule mchezo. "Sasa ushahidi umefutika. Nikitaka nitasema nilikuwa nashinda mimi." Akacheka. Safari hii ulikuwa utani kweli. Mimi ndiye niliyelia, kama mfiwa.

Jumamosi, 21 Septemba

Mvua ya kwanza, kidogo, ya kulaza vumbi. Mwalimu alinialika chai. Chai na viazi vitamu.

Mezani kulikuwa na ubao wa drafti aliouchora kwenye kipande cha boksi, na bakuli la vizibo vya soda. Akasema miaka mitatu ya kuutazama kila Jumapili si mchezo, ubao uko kichwani. Akaanza kupanga, mimi nikitazama.

Alianza na za Butoyi. Kete tano. Akasita, akabebanisha vizibo viwili: na kingi moja, kete iliyokwisha kufika mwisho wa ubao. Kisha zake. Tatu tu, mbili zimebanwa pembeni. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Angeweza kujiongezea hata moja. Alisogeza kizibo kimoja cha Butoyi nyumba moja mbele, mahali pabaya zaidi kwa Mwalimu mwenyewe, akasema hapo ndipo kilipokuwa.

Niliomba kupiga picha kwa simu. Nikaiingiza kwenye laptopu pamoja na zile nyingine. Nikatengeneza folda mpya, nikamsogezea laptopu aandike jina mwenyewe. Aliandika kwa kidole kimoja, herufi kubwa, polepole. BUTOYI.

Nimenakili mara tatu. Moja kwake, moja kwa Salim, moja ninayo kwenye flashi ya funguo zangu.

Vizibo tumeviacha mezani vilivyo. Zamu bado ni ya Mwalimu.