Yai la Mbao la Babu

Babu,

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Humu nyumbani asiyekubali ni wewe, babu mwenye yai la mbao.

Nakwenda hospitalini kwa mama. Mvua haikatiki, watoto wasitoke. Chemsha mayai kumi mengine ya Pasaka: Mina, kwa miaka yake minne, abandike majani, Rayko ni mkubwa, achore kwa nta.

Asubuhi Mina aligonganisha yai lake na lako kwa ajili ya afya ya mama, maana tunasema yai lisilopasuka huleta afya. Lake lilipopasuka alininong'oneza, "Dada, basi mama atakufa?" Nawe unacheka, "Bingwa ni mimi!"

Yai lako nimelichoma. Ndilo lililochemsha chai hiyo niliyokuachia mezani. Mgonganishe tena, wewe na Mina, la kuku kwa la kuku, na ushindwe.

Mjukuu wako, Tsveta.

~~Nisamehe, Babu.~~ Siombi radhi.