Posa ya Sauti ya Resti

Mbagala, Dar es Salaam

Mama Kizito mke wangu,

Wanaongopa wote. Shika hilo kwanza, salamu zinakuja nyuma. Waongo wa mtaani kwetu Katandala, waongo wa sokoni, hata yule mwalimu wa kwaya anayeapa huku ameshika rozari, habari ya mjukuu wetu wote wanaisimulia vibaya. Eti kuna bwana mkubwa alikuwa anapita na gari, akamsikia Resti anaimba harusini, akashusha kioo, akamsainisha palepale juu ya boneti. Boneti! Hata mbuzi hanunuliwi hivyo.

Haya, sasa salamu. Magoti yanasemaje? Baridi imeanza kukukaba asubuhi? Na yule kuku mwekundu ameacha kutagia kitandani kwangu, au ameshajiona yeye ndiye baba mwenye nyumba? Mimi mzima. Joto la huku linanichemsha kama kiazi, lakini bado nipo, na wanawake wa Mbagala wananiangalia sana. Usihofu, nawaambia nimeoa.

Mwandiko unaouona ni wangu mwenyewe, kisomo cha watu wazima hakikwenda bure. Herufi zilizolala kifudifudi zisamehe, ni uchovu wa safari. Ningepiga simu, lakini wewe ukipokea unaweka sauti kubwa, nusu ya mtaa inakaa kusikiliza, kila mtu anaondoka na kipande chake. Ndiyo maana boneti imeingia. Hii Kizito akusomee mlango umefungwa.

Najua kinachokunyima usingizi. Umesikia lebo, yaani hizi kampuni zinazochukua waimbaji na kuwarekodia na kuwatangaza, zikishampata mtu ndiyo zimempata, hata kwao hatii mguu. Na Resti umemlea wewe tangu mama yake alipotutoka, ukamfundisha nyimbo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Unaogopa karatasi imemmeza. Tulia nikusimulie. Nilikuwepo. Na bila mimi lisingekuwepo jambo lenyewe.

Unakumbuka ile studio yake ya mwanzo pale mjini, kile chumba nyuma ya duka la mbolea, ukutani wamepigilia mablanketi? Resti alikuwa akimaliza kuuza vitumbua anaingia mle, anatoka na wimbo kwenye flash. Anaupeleka redioni. Wanamwambia, "Acha hapo dada, tutausikiliza." Akaacha, akaacha, mpaka flash zikamwishia. Nyimbo nyingine akaziweka mwenyewe mtandaoni. Siku moja akaja na simu yake, uso umenyong'onyea.

"Babu, tangu Jumapili nimesikilizwa na watu kumi na wawili."

Nikamwambia, "Hata Yesu alianza na kumi na wawili."

"Mmoja wao ni wewe, Babu. Na ulibonyeza kwa bahati mbaya."

Ndivyo alivyo, ulimi kachukua kwako.

Halafu ikaja siku ile ya kupura ulezi. Akina mama na fimbo zao, vumbi jekundu linapanda, Resti anatangulia kuimba na wao wanaitikia, fimbo ndiyo ngoma yenyewe. Kizito akatoa simu akapiga video. Nyuma yao nani amekaa kwenye kigoda, kavaa koti, anasimamia kazi? Mimi. Nikapaza sauti: "Pigeni taratibu, huo ni ulezi, si nyoka!" Wakacheka mpaka wimbo ukayumba, Resti akaushika tena juu zaidi. Kizito akairusha ile video, ikatembea nchi nzima. Huku kuna mama anauza chapati, siku ya kwanza aliponiona alidondosha mwiko. "Wewe si yule mzee wa nyoka?" Sijalipia chapati mpaka leo.

Sasa watu wakisikia hapo wanasema, kumbe ni ile video. Hapana. Kuna dada anaitwa Neema, kazi yake pale lebo ni kuwinda waimbaji. Hawindi kwa gari, anawinda amekaa kwenye kiti, kwenye simu. Nilimuuliza mwenyewe, mwenzangu ulimwonaje Resti? Akasema:

"Babu, nilicheka kwa sababu yako. Lakini mtu akinichekesha mara moja simpigii simu. Naenda kuangalia nyuma yake ana nini. Ana nyimbo nyingine? Anaendelea kutoa, au alibahatisha akalala? Watu wanarudi kumsikiliza, au walicheka wakapita? Resti nilimfuatilia msimu mzima. Nikaona mpaka amekwenda kuimba Chala siku ya gulio, watu wamesimama na mizigo kichwani. Ndipo nikampigia."

Umeona? Zile nyimbo zilizosikilizwa na watu kumi na wawili, kila moja ikiwa na jina lake na namba yake ya simu chini, ndizo zilizomleta huku. Ila aliyefungua mlango ni nyoka wangu, hilo lisisahaulike.

Mama Kizito, ungeiona studio ya huku. Nimewaza jinsi ya kukueleza nikashindwa, nijaribu tu. Chumba chote ukutani kimevaa sponji kama godoro. Ukisema neno halirudi. Sisi kwetu mtu akiita toka upande huu wa bonde, jina linakwenda, linagonga kilima, linarudi limepoa. Mle ndani neno linatoka mdomoni linafia hapohapo. Niliita jina lako nijaribu, likaanguka miguuni kwangu. Nikaogopa kidogo. Wakanivalisha vile vya masikioni, Resti akawa nyuma ya kioo, akafungua mdomo. Mke wangu, sauti ilikuwa katikati ya kichwa changu. Haikutoka kushoto wala kulia. Ilikuwa inatembea humo kama mtu anayevuka uwanda asubuhi, umande mpaka magotini, yuko mbali halafu yuko karibu, na huoni anapokanyaga. Nikafumba macho nikauona ulezi wote umeinama upande mmoja. Nikausikia upepo wa kwetu, ule wa mwezi wa sita unaoingia kwenye mifupa. Nilipofumbua, watu wote walikuwa wameshatoka kwenda kula. Kumbe wimbo ulikwisha zamani, mimi ndiye nilikuwa bado njiani.

Basi, siku ya mkataba. Tumeitwa ofisini. Bosi wao kijana tu, kavaa kofia ndani ya nyumba. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo mzee," nikaitikia. Akasogeza karatasi, nyingi, nene kama misale ya padri. "Resti atasaini hapa, hapa, na hapa."

Wameleta soda, sikugusa.

"Mzee, kuna tatizo?"

"Hakuna. Ila kwetu binti haposwi akajibiwa siku hiyohiyo."

"Mzee wangu, hii siyo posa. Ni mkataba."

"Unamchukua?"

"Ndiyo, tunamchukua."

"Miaka?"

"Mitano."

"Mtamvalisha nyinyi? Atakwenda mnakotaka nyinyi? Mnampa na jina jipya?"

"Jina la kisanii, ndiyo."

"Basi ni posa, tena umekuja bila mshenga. Na huyu ni mke wangu mdogo, sijasema nimemwacha."

Neema alicheka mpaka akashika meza. Bosi akauliza, hivi mnatokea mkoa gani vile? Nikasema Sumbawanga. Kiti chake kikarudi nyuma kidogo, si unajua huku wanavyotudhania wachawi. Heshima ikija yenyewe usiifukuze.

Nikaomba tusomewe yote kwa sauti, maana mimi herufi ndogo hazinipendi. Neema akasoma. Mengine yalipita, ya kurekodi, ya picha, ya redio. Akafika kipengele kimoja akapunguza mwendo. Kwamba Resti hataimba mbele ya watu popote bila barua ya ruhusa kutoka kwao.

Resti akauliza, "Hata kanisani?"

"Popote," bosi akasema. "Ni hivyo kwa wasanii wote."

Hapo ndipo babu yake nikasimama. Nikamwambia bosi: "Na siku nikifa mimi? Mjukuu wangu ataandika barua ya kuomba kuniimbia, na mimi nilale pale kwenye jeneza nisubiri majibu yenu?"

Bosi akavua kofia. Akasema pole mzee, lakini mkataba ndivyo ulivyo, na wako wengi wanaoililia nafasi hii. Nikafanya kama tunavyofanya kwetu wageni wa posa wakishasema yao. Nikamgeukia binti: "Resti, unawajua watu hawa? Tupokee?" Unajua hapo binti anatakiwa ainamishe uso aseme ndiyo. Resti aliiangalia ile kalamu, akaisogeza taratibu mpaka upande wa bosi.

"Bado, Babu."

Tukatoka. Nje jua kali. Alitembea mbele yangu bila kugeuka mpaka tukafika kituoni, ndipo nikaona mabega yanatikisika.

Wiki mbili, mke wangu, hakuna simu. Anaamka, anamsaidia shangazi yake tuliyefikia kwake kufua, simu ameiweka juu ya tofali aione. "Babu, na wasipopiga je?" Namwambia tutarudi kupura ulezi. Anasema sawa, lakini siyo sawa ya kweli. Amelitaka jambo hili tangu yuko mdogo, wewe unajua, alikuwa anaimbia ndani ya debe la maji apate kujisikia. Mimi nakaa kwenye benchi kivulini, joto linanilegeza, nasinzia bila kulala. Naiona sauti yake inaondoka Mbagala peke yake, haina nauli, haina mzigo. Inapanda, inapanda, inafika milima yetu ya Mbizi kuna ukungu, inapita Kaengesa watu wanatoka misa, hakuna anayejua imetoka wapi, mtu anasimama tu na kitabu chake cha nyimbo mkononi anageuza shingo. Halafu inashuka nyumbani, inakukuta wewe unapepeta. Unaitikia tu, kama siku zote.

Jumanne Neema akapiga. Kumbe alikuwa anatupigania huko ndani muda wote. Tulipofika, bosi hakuwa na kofia. Kwenye karatasi wameongeza mstari, nikamwambia Neema ausome mara tatu: kanisani, kwenye kazi za shamba kwao, harusi za ndugu na misiba, Resti ataimba bila kumwomba mtu. Nikamuuliza tena, "Unawajua watu hawa? Tupokee?" Safari hii aliinama kweli. "Tupokee, Babu." Akasaini hapa, hapa, na hapa. Soda nikainywa, na ya bosi nikainywa.

Kwa hiyo usiogope. Ulezi ukikauka yuko nyumbani, fimbo yake msimpe mtu.

Nisalimie Kizito mwanangu, mwambie video nzuri ila alinikata miguu. Msalimie katekista wetu, Resti anaomba amkumbuke kwenye sala zake. Mwalimu wa kwaya msalimie pia, na aache uongo. Yule jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe mwambie mahindi yangu nimeyahesabu, hindi kwa hindi. Na wale akina mama wa kupura, mmoja mmoja, waambie nchi nzima imewaona wakipiga.

Mimi mumeo, mzee wa nyoka,
Desderi

Mama Kizito, nilishafunga bahasha nikaifungua. Kuna kitu kimoja humu nimekitunga. Lile swali la jeneza sikuuliza mimi. Bosi aliposema popote, niliona mtoto anakwenda kukosa bahati yake kwa sababu yetu sisi wazee, nikamgusa mgongoni, maana yake saini mama, tuondoke. Resti ndiye aliyesimama. Akanionyesha kwa mkono, "Babu yangu ndiye huyu. Siku akifa nitaandika barua?" Nimejipa mimi lile neno ili usimgombeze kwa kutaja kifo changu mbele yangu. Usimgombeze. Mimi nilikuwa nimeviinamia viatu vyangu, namsikia anavyogombea kunizika.